Kibali cha Kuingia Msituni

Juu ya kabati langu la vitabu, hapa Kilwa Masoko, pana visahani vinne vya plastiki: kimoja chekundu, kimoja cha manjano na viwili vya buluu. Wageni wanaokuja kunijulia hali hudhani ni mifuniko ya ndoo. Mmoja wao, ambaye nilimfundisha ualimu katika miaka ya 1980 na sasa naye amekwisha kustaafu, aliniuliza kama nimeanza biashara ya vyombo. Nikamwambia la, hivyo ni vifaa vyangu vya michezo. Akacheka mpaka akaomba maji ya kunywa. Mzee wa miaka sabini na mitano, ambaye asubuhi hutembea kwa mkongojo mpaka goti lipate moto, ana vifaa vya michezo!

Lakini ndivyo ilivyo, ndugu msomaji, na kisa chenyewe ni cha msitu zaidi kuliko cha visahani.

Mwezi Oktoba mwaka 2023 nilikwenda Marekani kumtazama binti yangu, ambaye ni muuguzi katika mji wa Gaithersburg, jimbo la Maryland, si mbali na Washington. Siku ya tatu, nilipokwisha kuzoea kuamka saa za watu wa kule, mkwe wangu aliniambia, "Baba, leo twende msituni tukacheze." Nilidhani masikio yananidanganya. Kwetu mtu hayaweki maneno hayo mawili pamoja. Msituni mtu huenda kukata nguzo, kurina asali, kuchimba ming'oko wakati wa njaa, kutafuta mizizi ya dawa. Wavulana wa zamani walipelekwa porini kwa ajili ya jando, lakini aliyepitia hapo hawezi kusema kwamba alikwenda kucheza.

Tulifika langoni. Palikuwa na kibao kikubwa cha mbao, na mkwe wangu akanitafsiria: Hifadhi ya Jimbo ya Seneca Creek. Neno hilo "hifadhi" lilinifanya nibaki nimekaa garini wakati wenzangu wamekwisha kushuka. Nikamwuliza, "Kibali mnacho?"

"Kibali cha nini, Baba?"

"Cha kuingia. Si umesema hii ni mali ya serikali?"

Wajukuu walicheka. Mkwe wangu hakucheka, maana yeye ni mzaliwa wa Lindi na alielewa ninachokisema. Akanifungulia mlango na kusema kwa upole kwamba hapa mtu huingia tu.

Sasa nieleze mchezo wenyewe. Unaitwa gofu ya visahani. Ni gofu ile ile tuisikiayo, ila hapana fimbo, hapana mpira mdogo, wala hapana uwanja wa majani yaliyonyolewa kama zulia. Mahali pa shimo pamesimamishwa nguzo ya chuma, na juu yake pete inayoning'iniza minyororo, na chini ya minyororo kikapu cha chuma. Mchezaji husimama mahali palipowekwa alama, akarusha kisahani chake kuelekea kikapu ambacho pengine hata hakioni, kwa kuwa kiko nyuma ya miti. Kikianguka, hukifuata na kurusha tena kutoka pale pale kilipoangukia, mpaka kilale ndani ya kikapu. Hapo huhesabiwa mitupo. Aliyerusha mara chache ndiye mshindi. Minyororo kazi yake ni kukishika kisahani kisipite, na sauti yake kinapoingia ni kama ya mtu aliyemwaga sarafu katika sinia.

Visahani vyenyewe si vya aina moja. Chenye ukingo mkali ni cha kwenda mbali, chenye ukingo mnene na butu ni cha kumalizia karibu na kikapu. Na havipigi mstari ulionyooka. Anayerusha kwa mkono wa kulia, akianzia kifuani na kufungua mkono kama anayetandika mkeka, kisahani chake kinapochoka hupinda kushoto. Mchezaji hodari huutumia mpindo huo kuzunguka mti. Mchezaji wa aina yangu huupiga mti wenyewe.

Na mimi nilikuwa na sababu ya ziada ya kushindwa. Kwa miaka mingi nilisimamia michezo ya wanachuo, na kurusha kisahani cha riadha, kile kizito, nilikifundisha kwa mkono wangu: zunguka, nyoosha mkono, toa pumzi. Basi nikazunguka, nikanyoosha mkono, nikatoa pumzi. Kisahani kikaugonga mwaloni uliokuwa hatua kumi mbele yangu, kikarudi nyuma yangu. Mjukuu wangu wa kike, mwenye miaka kumi na mmoja, alinijia akanishika kiwiko. "Babu, usitumie nguvu. Kiache kiende chenyewe." Maneno hayo nimewaambia vijana wengi kuhusu uandishi wa insha, lakini sikuwahi kuambiwa mimi.

Kwenye kikapu cha nne kisahani changu kilipotea. Ilikuwa majira ya majani kuanguka, na ardhi yote ilikuwa rangi ya majani makavu ya mkorosho, nami nilikuwa nimepewa kisahani chekundu. Tulitafuta robo saa. Akapita mzee mmoja Mzungu na mbwa wake, kisha vijana wawili waliokuwa wakicheza nyuma yetu. Wote wakaanza kutafuta pamoja nasi, wakipekua majani kwa miguu, kama watu wa mtaa wanavyomtafutia jirani ufunguo ulioanguka mchangani. Mmoja wa vijana akakiona chini ya gogo. Akanikabidhi, akaenda zake.

Nilikaa juu ya gogo lile. Mkwe wangu akadhani goti limeniuma. Halikuwa goti. Nilikuwa nimo ndani ya msitu wa serikali, nimeinama nikitafuta kitu chini ya miti, watu watatu wamenikuta, na hapana hata mmoja aliyeniuliza ninafanya nini humo. Nilikuwa na miaka sabini na mitatu, na hilo halijawahi kunitokea.

Tulicheza vikapu tisa. Mimi nilimaliza kwa mitupo hamsini na minane, mjukuu wangu kwa thelathini na mitatu.

Jioni nilimtaka mkwe wangu anitafutie habari za asili ya mchezo ule, kwa maana mwalimu wa historia hawezi kulala na jambo ambalo hajui limetoka wapi. Mwanzo wake unaojulikana zaidi ni katika shule ya msingi. Mwaka 1926, katika kijiji cha Bladworth, jimbo la Saskatchewan nchini Kanada, mtoto aitwaye Ronald Gibson na wenzake walikuwa wakirusha mifuniko ya makopo ya bati katika miduara waliyochora shuleni kwao, wakihesabu mitupo kama wacheza gofu. Walipokua mchezo uliisha, kama michezo ya watoto inavyoisha. Mwishoni mwa miaka ya 1930, kule California, kijana Fred Morrison alianza kwa kurushiana na mchumba wake mfuniko wa kopo la bisi, kisha bati la kuokea keki. Wakiwa pwani ya Santa Monica mtu mmoja akataka kununua bati lile kwa senti 25, na dukani lilikuwa senti tano. Morrison aliona faida hiyo mara moja. Baada ya vita kuu ya pili alitengeneza kisahani cha plastiki, na mwaka 1957 kampuni ya Wham-O ikaanza kukiuza.

Aliyekipeleka kisahani msituni, yaani aliyekitengenezea uwanja wa kudumu, ni mfanyakazi wa kampuni hiyo, Ed Headrick. Kabla yake watu walilenga miti, nguzo za taa na mapipa ya taka. Mwaka 1975 aliweka uwanja wa kwanza katika bustani ya umma ya Oak Grove, karibu na Pasadena, na mwaka 1977 akapata hati ya uvumbuzi wa kile kikapu cha minyororo. Alifariki mwaka 2002, na kwa wosia wake mwili ulichomwa moto na majivu yakachanganywa katika plastiki ya visahani. Hapo nilimwambia mkwe wangu afunge hiyo kompyuta. Sisi tunazika.

Sasa naomba msomaji anivumilie nirudi Kilwa, kwa sababu lile swali langu la kibali langoni halikutoka hewani.

Baba yangu alikuwa mkata boriti. Wakati wa kaskazi majahazi yalikuja kutoka Uarabuni na Ghuba ya Uajemi na tende na chumvi, yakingoja kusi irudi iyapeleke kwao. Yaliporudi yalibeba boriti za mikoko ya Rufiji na Kilwa, maana nchi zile hazina miti ya kuezekea. Biashara hiyo ilikuwapo karne nyingi kabla ya Mzungu yeyote kuhesabu mkoko. Boriti ziliuzwa kwa korija, ishirini ishirini, na mtoto wa mkata boriti alijua kuhesabu kwa ishirini kabla hajajua kuhesabu kwa kumi.

Wajerumani ndio walioanza kuiwekea mikoko ya Rufiji utawala, mwishoni mwa miaka ya 1890, na mwaka 1904 wakatoa sheria ya misitu kwa nchi nzima. Mwaka uliofuata, Julai 1905, vita ya Maji Maji ilianza katika milima ya Umatumbi, hapa hapa nyuma yetu. Vitabu vya shule, hata nilivyovifundisha mwenyewe, husema ilianza kwa ajili ya pamba ya kulazimishwa, na ni kweli. Lakini wazee wa Umatumbi walipotaja waliyonyimwa hawakutaja pamba tu. Walitaja pia msitu na wanyama. Mtu aliyezoea kulima kwa kufyeka, kuwinda nguruwe wanaokula mazao yake na kukata nguzo ya nyumba yake, aliambiwa kwamba kila kimoja katika hivyo sasa kina bwana mwingine. Waingereza walipochukua nchi hawakurudisha. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mikoko ya pwani nzima ikatangazwa kuwa hifadhi, na mkataji akatakiwa awe na kibali.

Mwaka 1957 nilikuwa na miaka saba. Baba alikutwa na korija mbili za boriti ufukoni na kibali kilichokwisha muda wake siku tatu nyuma. Mvua ilikuwa imewazuia kutoka mikokoni. Bwana misitu hakutaka kusikia habari za mvua. Baba alikaa jela wiki mbili, na boriti zikachukuliwa. Aliporudi hakulalamika. Lakini tangu siku hiyo aliweka kibali chake ndani ya kofia, kati ya kitambaa na kichwa, na kila akipita karibu na mikoko, hata akiwa anakwenda msibani, aliigusa kofia. Alipofariki tulikuta sandukuni kwake kitita cha vibali, vya miaka yote, vimefungwa kwa kamba ya usumba.

Upande wa mama ni watu wa Liwale, na kwao jambo lilikuwa zito zaidi. Baada ya Maji Maji ilikuja njaa, watu wakapungua, pori na tembo wakasogea mashambani. Wajerumani walikuwa wamekwisha kutenga mapori ya wanyama upande ule, na mwaka 1922 Waingereza wakaliita pori hilo kwa jina la Frederick Selous, mwindaji aliyeuawa vitani Beho Beho mwezi Januari mwaka 1917. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ikawahamisha maelfu ya watu wa Liwale, kwa kueleza kwamba inawaepusha na malale na tembo, na vijiji walivyoviacha vikaingizwa porini. Aliyelisimamia sana pori hilo alikuwa bwana nyama mmoja, Ionides, ambaye baadaye alipata umaarufu kwa kukamata nyoka hata watu wakamwita Bwana Nyoka. Babu mzaa mama aliacha miembe sita. Mpaka anakufa alikuwa akiuliza kila mtu aliyepita huko kama ameiona. Wengine walimjibu kwamba ipo, tembo wanaila. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ilikatwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mimi sijafika. Mama naye hakufika.

Sisemi kwamba ulinzi wote ulikuwa dhuluma. Mikoko isingelindwa, majahazi yale yangeimaliza, na leo bahari ingekuwa inaingia jikoni kwetu. Nilipokuwa mkuu wa chuo niliwasimamia wanachuo kupanda maelfu ya miche, nikawasomea kauli ya Misitu ni Mali mpaka wakaichoka. Ninachosema ni jinsi jambo hilo lilivyoingia ndani ya vichwa vyetu. Msitu wa serikali ulikuwa mahali ambapo mtu lazima awe na sababu, na sababu iwe imeandikwa.

Na hapa ndipo penye aibu yangu. Mwaka 1986 mlinzi alinileta ofisini wanachuo watatu waliokutwa Jumapili ndani ya msitu wa akiba uliokuwa jirani na chuo. Hawakuwa na panga, hawakuwa na mzigo. Nikawauliza walikuwa wanatafuta nini. Mmoja akajibu, "Hakuna, Mwalimu. Tulikuwa tunatembea tu." Jibu hilo liliniudhi kuliko kama wangekiri kukata miti. Anayekiri kosa unajua pa kumshika. Niliwasimamisha masomo wiki mbili kwa kudanganya. Wiki mbili! Wala sikukumbuka wakati ule ni nani mwingine aliyewahi kupewa wiki mbili. Nililikumbuka nikiwa nimekaa juu ya gogo kule Maryland, na kisahani chekundu magotini.

Msomaji asidhani kwamba nilirudi nikiwasifu Wamarekani. Jirani wa binti yangu, mzee mweusi wa rika langu, aliponisikia nikistaajabia msitu ulio wazi kwa wote, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba alipokuwa mtoto msitu ulikuwa wazi kwa wote kasoro yeye. Nilikwenda kusoma, nikakuta maneno yake yana ushahidi. Katika jimbo hilo hilo, Hifadhi ya Sandy Point iliyofunguliwa mwaka 1952 ilikuwa na ufuko wa weupe na ufuko wa weusi. Watu weusi walishitaki, na tarehe 7 Novemba 1955 Mahakama ya Juu ya Marekani ilithibitisha hukumu iliyowapa haki. Na nyuma zaidi, katika wilaya hiyo hiyo ya Montgomery tuliyochezea, ndiko alikotumikishwa utumwani Josiah Henson, aliyetoroka na mkewe na watoto wao mwaka 1830 mpaka Kanada na kuandika habari za maisha yake. Mtumwa aliyekutwa porini bila hati ya bwana wake alirudishwa kwa viboko. Kwa hiyo nao walikuwa na kibali chao. Kivinje chetu, ambako misafara ya watumwa kutoka Nyasa iliishia, kingelielewa jambo hilo bila mkalimani.

Uwazi ule niliouona, basi, si tabia ya nchi. Ulidaiwa, na umri wake ni mfupi kuliko wangu mimi.

Nilirudi na visahani vinne. Wajukuu wa hapa Masoko walivigombania siku mbili, ndipo nikaona vinne havitoshi watoto kumi na mmoja. Wakaleta mifuniko ya sufuria. Mama zao wakaja juu, tena wana haki, maana mfuniko uliokunjika haukai tena juu ya wali. Tukahamia kwenye mifuniko ya ndoo za rangi, ambayo mafundi huitupa. Mifuniko hiyo huruka vizuri ikishikwa chali, na nina hakika watoto wa Bladworth wangetuelewa. Kikapu chetu ni tenga la samaki lililofungwa kwenye mwembe, na mahali pa minyororo tumetunga vizibo vya soda katika nyuzi. Kelele inatosha.

Kikongwe wa nyumba ya pili alipotuona alisema huo ni mchezo wa vigae tu uliopelekwa Ulaya. Hakukosea sana. Watoto wa pwani wamerusha vigae katika miraba ya mchangani tangu zamani. Na wanaovuka kwenda Kilwa Kisiwani huonyeshwa vigae vya vyungu vilivyochongwa vikawa duara, ambavyo Neville Chittick, aliyechimba pale katika miaka ya 1960, alivikuta kwa wingi. Vyenye tundu katikati vilikuwa vya kusokotea pamba, maana Kilwa ilisokota na kufuma nguo zake yenyewe. Nimewakataza wajukuu wasiokote hata kimoja. Hapo, nakubali, kibali kina maana yake.

Yule mgeni aliyeniuliza habari za biashara ya vyombo nilimweleza kisa chote, pamoja na gogo. Nilikuwa na sababu. Yeye ni mmoja wa wale watatu wa mwaka 1986, na ndiye hasa aliyenijibu. Tumekutana mara nyingi tangu hapo, harusini na misibani, wala hakuna aliyewahi kulitaja. Nilipomaliza alinyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, tulikuwa tunatembea kweli." Nikamwambia, "Najua sasa. Unisamehe." Akazungumza habari za bei ya ufuta. Kabla ya kuondoka, akiwa amekwisha kuvaa viatu, alisema nilete watoto kijijini kwake.

Kijiji chake kiko upande wa bara, na kina msitu wake. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliruhusu kijiji kumiliki na kusimamia msitu ulio katika ardhi yake, na wilaya yetu ya Kilwa imekuwa mfano katika jambo hilo. Mwaka 2009 misitu ya Kikole na Kisangi ilikuwa ya kwanza ya asili iliyo mikononi mwa wanakijiji katika Afrika kupata cheti cha kimataifa cha FSC, na mpingo wake ukaweza kuuzwa kwa bei ya halali kutengenezea klarineti na obo. Fedha huingia kijijini kujenga zahanati na madarasa. Kijiji cha rafiki yangu kimefuata njia hiyo, naye ni mjumbe wa kamati ya maliasili.

Kamati ilikaa kusikiliza ombi letu, chini ya mkwaju, nusu saa nzima. Masharti yalikuwa mengi. Tusipige msumari katika mti wowote, tufunge matenga kwa kamba. Tusifyeke. Tusiwashe moto. Tusipite mto mdogo, kwa kuwa ng'ambo kuna makaburi ya wazee. Tutoke kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa ajili ya tembo. Bibi mmoja, mjumbe, alikuwa amenyamaza muda wote akivitazama visahani. Mwishoni akauliza, "Kwa hiyo mnarusha, mnafuata, mnarusha tena. Mwisho mnapata nini?"

"Hatupati kitu, Bibi," nilimjibu.

Akafikiri. "Basi waacheni waingie. Asiyetaka kitu ataiba nini?"

Siku ya Jumamosi tulipanda gari Nangurukuru, mimi na watoto kumi na mmoja na matenga matano. Pembeni mwa msitu pana kibanda cha nyasi chenye meza, na juu ya meza daftari kubwa lililopigwa mistari kwa rula: tarehe, jina, atokako, idadi ya watu, sababu ya kuingia, sahihi. Nililifungua nikasoma kurasa za nyuma, kwa mazoea ya ukaguzi. Doria. Doria. Kupima miti. Asali. Doria. Mgeni kutoka wilayani. Kuvuna mpingo, magogo kadhaa. Doria.

Rafiki yangu alikaa kitini, akatoa miwani, akatuandika. Hati yake bado ni ile ile niliyoisahihisha chuoni, inalala kidogo kulia. Alipofika kwenye safu ya sababu alisimamisha kalamu, akaniangalia juu ya miwani. Watoto walikuwa wamekwisha kukimbilia mbele, na tayari nilisikia mfuniko mmoja ukiugonga mninga. Akainama akaandika: Kutembea. Kisha akaongeza mkato, akaandika: na kucheza. Akanigeuzia daftari nitie sahihi.